Kinga ya Mota: Jinsi Relei Inavyoupima Mkondo wa Umeme

Mota ya umeme ni mtumishi asiyelalamika. Pampu ikizibwa na matope, au mashine ya kusaga ikishindiliwa mahindi kupita kiasi, mota haikatai kazi. Huvuta mkondo mkubwa zaidi ili iendelee kuuzungusha mzigo wake. Lakini mkondo huo huzaa joto katika koili za shaba, na joto ndilo adui mkuu wa mota. Kwa sababu hiyo, kiwashio cha mota ya kiwandani hupaswa kuwa na kinga inayoupima mkondo na kuukata kabla koili hazijaungua.

Joto na mraba wa mkondo

Joto litokealo katika waya kila sekunde hupatikana kwa kuzidisha mraba wa mkondo kwa ukinzani wa waya. Chukua mfano wa mota ya fezi tatu yenye nguvu ya kilowati 7.5. Katika volti 400, mota hiyo huvuta ampea 15 hivi ikibeba mzigo wake kamili. Ikivuta ampea 20, mkondo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini joto limefikia karibu mara 1.8 ya lile la awali. Kwa makadirio ya wahandisi, kila nyuzijoto 10 za Selsiasi zinazozidi kiwango hupunguza maisha ya kihami cha koili kwa nusu.

Kwa nini fyuzi haitoshi

Mota inapowashwa moja kwa moja, huvuta mara 6 hivi ya mkondo wake wa kawaida, yaani ampea 90 kwa mota ya mfano wetu, mpaka rota ipate mwendo. Fyuzi ya ampea 15 ingeungua kila asubuhi. Basi huwekwa fyuzi kubwa zaidi. Hiyo hukinga dhidi ya shoti, lakini ampea 20 hupita humo bila kizuizi. Kinachohitajika ni kifaa chenye subira kwa ziada ya muda mfupi, na chenye ukali kwa ziada inayodumu.

Utepe wa metali mbili

Kifaa hicho ni relei ya joto. Ndani yake, kila fezi ina utepe wa metali mbili zilizogandamanishwa. Moja hutanuka sana ipatapo joto; nyingine, kwa kawaida aloi ya chuma na nikeli, hutanuka kidogo mno. Aloi ya namna hiyo iligunduliwa mwaka 1896 na Charles Édouard Guillaume, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.

Mkondo wa mota huupasha utepe joto, nao hupinda. Ukipinda vya kutosha, husukuma wenzo unaokata sakiti ya koili ya kontakta. Sumaku-umeme ya kontakta hupoteza nguvu, springi huzitenganisha nchi za kontakta, na mota husimama. Relei ya daraja la 10 hukata ndani ya sekunde 10 mkondo ufikapo mara 7.2 ya kiwango kilichowekwa. Kwa mara 1.2, yaweza kuchukua hata saa 2.

Fezi moja ikikatika, mikondo ya fezi mbili zilizobaki yaweza kufikia mara 1.73, na joto lake mara 3. Ndiyo maana tepe huwa tatu.

Kwa mota kubwa, mkondo hupunguzwa kwanza na transfoma ya mkondo. Transfoma ya 200/5 hutoa ampea 4 mstari mkuu uchukuapo ampea 160. Koili yake ya pili isiachwe wazi kamwe wakati mkondo unapita, kwani volteji ya hatari huzuka.

Mlinzi asinyamazishwe

Relei ikikata mara kwa mara, wengine hukaza skrubu yake kutoka ampea 15 hadi 20. Mashine huendelea, lakini mlinzi amenyamazishwa. Koili zikiungua, kijiji hukosa maji au unga mpaka mota isukwe upya. Sababu ndiyo itafutwe: beringi iliyokwama, pampu iliyoziba, au fezi iliyokatika.

Maswali

1. Mota ya ampea 15 inavuta ampea 18. Joto la koili limekuwa mara ngapi?
2. Kwa nini relei ya joto haikubali kurudishwa papo hapo baada ya kukata?
3. Transfoma ya 200/5 inatoa ampea 3. Mota inavuta ampea ngapi?