Selimundu: Urithi Unaodhuru na Kulinda

Hapana mkulima asiyejua ya kuwa ng'ombe huzaa ng'ombe, na ya kuwa mbegu ya mtama haioti ikawa mahindi. Lakini mkulima huyo huyo ajua pia ya kuwa ndama wa mama mmoja hawafanani: mmoja huwa mweusi, mwingine wa madoa, na pengine hutokea rangi ambayo mama hana wala fahali hana. Yatoka wapi mambo haya? Katika makala haya twataka kueleza jinsi urithi unavyopita kutoka kwa wazazi hata kwa watoto. Mfano wetu utakuwa ugonjwa mmoja wa damu ambao nyumba nyingi za pwani, na za kando ya Ziwa Victoria, zaujua vema kwa uchungu wake, nao ni selimundu.

Mtu aliyeanza kuhesabu mambo ya urithi kwa uangalifu alikuwa mtawa aitwaye Gregor Mendel, wa mji wa Brno, ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Alichanganya njegere za aina ndefu na za aina fupi. Miche ya uzazi wa kwanza ilikuwa mirefu yote, hata mtu angedhani ufupi umepotea kabisa. Lakini miche hiyo mirefu ilipozaa, Mendel alihesabu mirefu 787 na mifupi 277, yaani karibu mitatu mirefu kwa mmoja mfupi. Mwaka 1866 habari zake zilichapishwa, wala hazikushughulikiwa sana mpaka yeye mwenyewe alipokwisha kufa. Alifahamu ya kuwa kila kiumbe hupokea mafungu mawili ya urithi kwa kila jambo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na yeye naye humpa mtoto wake moja tu kati ya hayo mawili. Fungu laweza kujificha bila kupotea. Mafungu hayo siku hizi huitwa jeni.

Sasa tuje kwenye damu. Wekundu wa damu hutokana na hemoglobini, kitu kilichomo ndani ya chembe nyekundu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Chembe nzima ni mviringo kama kisahani, nayo ni laini, hujikunja ikapenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Kwa mgonjwa wa selimundu, hemoglobini ikipungukiwa na oksijeni hushikamana, na chembe hujipinda ikawa na umbo la mundu wa kukatia majani. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yatokapo yale maumivu makali ya mifupa, na kuvimba vidole kwa mtoto mchanga. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku 10 hata 20 tu, kwa hiyo mtoto huwa na upungufu wa damu daima. Na chanzo chake ni kidogo cha kushangaza. Mwaka 1956 na 1957 Dakta Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, alionyesha ya kuwa katika mnyororo mmoja wa hemoglobini, wenye vipande 146, ni kipande cha sita tu kilichobadilika.

Mtu aliyepokea jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa; hulima, hucheza mpira, huzaa, na pengine hufa mzee asijue ya kuwa anayo. Ugonjwa humpata yule aliyeipokea kutoka kwa baba na kwa mama pia. Tuseme baba ana mfuko wenye kunde mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, na mama anao mfuko kama huo. Kila mimba ikitungwa, kila mmoja hutoa kunde moja bila kutazama. Zikitoka nyeupe mbili, mtoto hana jeni hiyo kabisa; ikitoka moja nyeupe na moja nyeusi, mtoto huichukua lakini ni mzima kama wazazi wake; zikitoka nyeusi mbili, mtoto ni mgonjwa. Nafasi ya kutoka nyeusi mbili ni moja katika nne. Hapa watu wengi hukosea, wakadhani ya kuwa mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo. Kunde hurudishwa mfukoni kila mara, na bahati huanza upya kwa kila mimba. Iko nyumba yenye wagonjwa watatu mfululizo, na iko nyingine ya wazazi wa namna hiyo hiyo isiyo na mgonjwa hata mmoja.

Mwenye kufahamu hesabu hii ataona jinsi ilivyo dhuluma kumrudisha mke kwao kwa sababu ya "damu mbaya," au kumtafuta mchawi miongoni mwa majirani. Mtoto hawezi kuugua ugonjwa huu bila kunde nyeusi ya baba kuwapo.

Lakini huenda msomaji akauliza swali ambalo hata wataalamu liliwasumbua. Zamani watoto wengi wenye ugonjwa huu walikufa kabla ya kuzaa. Basi mbona jeni hiyo haikwisha kitambo? Jibu lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Dakta Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, mwaka 1949 alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Pwani na karibu na Ziwa Victoria alikuta watu zaidi ya 20 katika kila 100 wanaichukua jeni. Katika nyanda za juu na katika nchi kavu hawakufika mmoja katika 100. Alipotazama ramani aliona ya kuwa ndipo mahali pa mbu na malaria.

Mwaka 1954 alitangaza ushahidi wake. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Wale waliokuwa na jeni walikuwa 43, na 12 kati yao walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Wasio nayo walikuwa 247, na wenye vijidudu walikuwa 113. Tena watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo walijitolea waambukizwe malaria, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa kwa wepesi. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 waliingiwa na vijidudu. Kati ya 15 wenye jeni, ni wawili tu. Utafiti wa Kilifi uliotangazwa mwaka 2005 ulithibitisha jambo hilo, ukaonyesha ya kuwa jeni moja huzuia karibu asilimia 90 ya malaria kali.

Basi kitendawili kimeteguliwa. Penye malaria, asiye na jeni yumo hatarini kwa homa, mwenye mbili yumo hatarini kwa selimundu, na mwenye moja hupona zaidi kuliko wote wawili, akazaa na kuirithisha. Hivi ndivyo Charles Darwin alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1859: viumbe huzaliwa na tofauti, na mazingira ndiyo huamua ni tofauti zipi zitakazosalia. Malaria haikuiumba jeni hii. Ilitokea kwa bahati tu, malaria ikaihifadhi. Ndiyo maana si ugonjwa wa kabila moja wala wa rangi moja. Umo Arabuni, India na hata Ugiriki, nchi zilizojua malaria tangu kale.

Wanaotaka kuoana waweza kupimwa damu hospitalini kabla ya arusi, wakajua mifuko yao ina kunde gani. Mtoto mgonjwa naye si wa kukatiwa tamaa: akigunduliwa mapema, akapewa chanjo, penisilini na dawa ya haidroksiyurea kwa agizo la daktari, maisha yake huwa marefu na maumivu hupungua. Ila wazazi wasidanganyike kwa yale tuliyoeleza juu ya kinga. Kinga ni ya mwenye jeni moja, naye pia si kamili. Mwenye mbili, malaria humuua upesi kuliko wengine, na chandarua cha kwanza nyumbani ni chake.