Uvira Haina Matumbawe

Nilikuwa Watamu, pwani ya Kenya, nimetoka majini na miwani ya kuazima, bado nahema kwa niliyoyaona juu ya matumbawe yanayolindwa tangu 1968. Nahodha akaniuliza: "Ndugu, huko kwenu Kongo mna kitu kama hiki?" Nikamjibu kwamba sisi wa mashariki ya Kongo hata bahari hatuna. Nimezaliwa Uvira. Ziwa Tanganyika nimeoga humo, nimefua humo, nimevuka humo mara nyingi. Kutazama chini, sikuwahi. Haya niliyajua baada ya kurudi nyumbani na miwani yangu mwenyewe.

1. Mawe nayo yana wenyewe

Matumbawe ni ya maji ya chumvi, kwa hiyo nahodha sikumdanganya. Lakini ukipita bandari ya Kalundu ukaifuata barabara ya Baraka, utafika mahali milima inaposhukia ziwani bila kuacha nafasi ya ufuko. Hapo ni mawe matupu. Nilishuka upande wa Bemba na mvuvi mmoja mzee, aliyeshangaa kuona mtu mzima anataka kumtazama samaki badala ya kumla. "Mwanangu, hao wa mawe tunawaachia watoto na ndoano zao."

Nikazama. Kwenye kina cha mita nne hivi kulikuwa na kisamaki cheusi chenye madoa meupe, kanga mtupu! Wanasayansi humwita Tropheus duboisi. Akikua madoa hufutika, kichwa huwa cha buluu, na kiunoni hubaki mshipi mmoja mweupe. Aliyemwandika kisayansi, mwaka 1959, ni Georges Marlier, mtafiti aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Uvira. Leo samaki huyu anafugwa katika matangi ya vioo Ujerumani na Marekani, na wafugaji wake wanalijua jina la Bemba. Mimi nilisoma shule umbali wa safari fupi tu kutoka hapo, wala sikusikia habari zake.

2. Mchanga ni mpaka

Samaki wa jamii hii hula mwani anaoukwangua juu ya mawe, na hapendi kuvuka mchanga. Jike huatamia mayai mdomoni karibu mwezi mzima, kwa hiyo hata watoto hawachukuliwi na mkondo kwenda mbali. Ndiyo maana kila mwambao wa mawe una samaki wa rangi yake. Ukiumaliza mmoja, usitegemee majirani waje kuujaza.

3. Nilimlaumu mtu asiyehusika

Kwa muda mrefu nilidhani mvuvi ndiye anayeliharibu ziwa. Kisha nikarudi Bemba wiki moja baada ya mvua kubwa. Sikuuona hata mkono wangu. Maji yalipotulia, mawe yalikuwa yamevikwa tope, na chini ya tope hakuna mwani wa kukwangua.

Tope linatoka juu. Tumekata miti ya makaa, tumelima miteremko hadi kileleni, na mvua inashusha mlima. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu. Msiba huo kila mtu Uvira anaukumbuka. Tulihesabu waliokufa nchi kavu. Ziwa nalo lilikuwa limepokea udongo wote ule.

Na ziwa hili, pamoja na kina chake cha mita 1,470, halina nafasi kubwa ya uhai kama linavyoonekana. Upande wetu wa kaskazini, chini ya mita 100 hivi, oksijeni imekwisha. Samaki wa mawe wanaishi kwenye ukingo mwembamba tu, na tope linaangukia papo hapo.

4. Ziwa halina mlango wa nyuma

Mjomba wangu alitaka kujenga payoti, yaani vibanda vya nyasi, za wageni ufukweni, nami nikamshauri asogee mbele zaidi, wageni wasikie mawimbi. Mwaka 2021 waliyasikia jikoni. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mengine huondoka kwa jua. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu, ziwa hupanda, na wazee walioona mwaka 1964 walikuwa wametuambia. Mjomba bado hunisalimia, ila kwa mkato.

5. Kiboko hasomi kibao

Jioni ufuko ni wake. Watoto wakisema tuondoke, ondoka.

6. Miwani ni ya kuazimana

Mara ya mwisho nilipokwenda Bemba, yule mzee aliniomba miwani. Alizama, akaibuka, akazama tena bila kusema neno, mimi nimekaa kwenye mtumbwi nikishika kafi lake. Alipopanda alikuwa anatetemeka.

"Kanga wako nimewahesabu," akasema. "Kumi na wawili. Kwenye mawe ya kule mbele, karibu na mdomo wa kijito, hakuna hata mmoja. Kwa nini?"

Nikamwonyesha mlima.