Risasi za Zamani: Vidokezo 6 Kabla Hujagusa Bunduki

Unapalilia mahindi kule Ruaha, mara jembe linagonga kidude cha shaba. Au umerithi bunduki ya marehemu babu, leseni imeshaandikwa jina lako, na kabatini kuna boksi la risasi zilizokuzidi umri. Tulia. Twende haraka haraka!

1. Ya shambani? Mikono mfukoni!
Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliwatoa Wajerumani Kilosa, vita vikasogea kusini kuelekea mto Ruaha Mkuu. Risasi iliyolala ardhini tangu enzi hizo haihitaji ukaguzi: haifai, basi. Iache ilipo, weka alama pembeni, fukuza watoto, kisha mwite mwenyekiti wa kitongoji au piga simu polisi, 112. Na yule kijana wa chuma chakavu? Mwambie leo hakuna biashara. Kukaa na risasi bila leseni ni kosa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani.

2. Mwingereza au Mjerumani? Tazama kitako
Macho hayakatazwi. Ganda la .303 ya Mwingereza lina milimita 56, la Mauser ya Mjerumani 57, kwa hiyo urefu hautakusaidia. Kitako ndicho kinachosema: cha .303 kina ukingo uliotokeza nje, cha Mauser hakitokezi, ila kina mfereji unaolizunguka ganda. Ukiona nene ya milimita 11, huenda ni ya Mauser ya 1871, ile iliyofuka moshi hadi kumfichua askari aliyeifyatua. Lakini usiapie nani aliipiga! Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka shehena ya risasi za Waingereza wakazitumia wao.

3. Soma cheti cha kuzaliwa
Kimepigwa chapa hapo hapo kitakoni. Kwa mfano, K 15 VII kwenye .303 ni kiwanda cha Kynoch, mwaka 1915, toleo la saba. Risasi za kiraia huandikwa aina yake, nawe linganisha na maandishi ya kwenye mtutu, tarakimu kwa tarakimu. Kuingia si kufaa: .308 huweza kuingia kwenye bunduki ya .30-06, na ukifyatua, ganda linaweza kupasuka usoni pako. Chapa haisomeki? Risasi hiyo haipigwi.

4. Kagua shingo, fataki na kichwa
Hapa mwenye leseni anahitaji mwanga mzuri na dakika chache tu. Ufa shingoni, kutu ya kijani, fataki iliyovimba au kuzama, kichwa kinachocheza: chochote kati ya hivyo, weka kando. Usisugue kwa msasa, hutaponya kitu. Mwaka peke yake nao hausemi yote, maana boksi lililokaa pakavu na penye ubaridi hulishinda la juzi lililookwa chini ya bati.

5. Ilioga mafuriko? Kwaheri!
Wa Kilosa mnaujua mto Mkondoa ukifura. Risasi ikishalowa, kuianika si dawa: Aprili 1915 meli ya Rubens iliwaletea Wajerumani silaha hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikapigwa na manowari ya Uingereza, risasi zikalowa maji ya bahari. Walizifungua moja moja, wakaanika baruti, wakazifunga upya, na bado nyingi ziligoma. Wao walikuwa vitani, wamezingirwa. Wewe una haraka gani?

6. Imegoma, au imelia kinyonge?
Ikigoma, usifungue upesi! Mtutu uelekee upande salama, subiri dakika nzima, kwani baruti huweza kuchelewa kushika. Ikitoa mlio dhaifu, usipige nyingine, kichwa huenda kimekwama ndani. Pakua risasi zote, mtutu ukaguliwe na fundi wa silaha anayetambulika, na boksi lililobaki likabidhi kituo cha polisi. Piga simu kwanza uulize wanataka lifikishwe vipi.