Mazoezi ya besiboli: kocha, vunja foleni

Wadogo zangu mnaofundisha watoto besiboli, leo dada yenu nataka tuongee kuhusu foleni. Kocha amejitolea Jumamosi yake, ana watoto ishirini na gongo moja. Anarusha yeye, mtoto mmoja anapiga, kumi na tisa wamesimama. Muda si mrefu yule wa mwisho kwenye mstari anang'oa majani. Kisha kocha analalamika kwamba watoto hawana ari. Ari wanayo tele. Mpira ndio hawaupati.

Kwa hiyo ukikaa kupanga mazoezi, anza na swali hili: leo kila mtoto atashika mpira mara ngapi? Saa moja na nusu inawatosha walio chini ya miaka 12. Wakimbie na kuchangamsha mwili dakika kumi, kisha warushiane wawili wawili. Hapa usiharakishe, tafadhali. Kurushiana na kudaka ndiyo besiboli yenyewe, na makocha wengi wanaipita juu juu. Waanze karibu, hatua sita hivi, warudi nyuma kidogo kidogo. Tazama miguu kabla ya mkono: anayerusha kwa kulia atangulize mguu wa kushoto kuelekea kwa mwenzake, na kiwiko kisishuke chini ya bega. Mpira ushikwe kwa vidole, usizame kiganjani.

Baada ya hapo gawa makundi matatu, dakika kumi na tano kila kituo, kisha wabadilishane. Kundi moja lidake mpira unaobingirika: magoti yakunjwe, glovu iguse ardhi, mkono mtupu uwe tayari kuufunika. La pili lipige mpira uliowekwa juu ya bomba, kuelekea wavuni; kwenye uwanja wa soka goli lipo tayari, na mipira ya tenisi inafaa kabisa. La tatu likimbie besi. Kwa kanuni za Little League, yaani ligi ya besiboli ya watoto, besi hadi besi ni futi 60, kama mita 18.

Kila kituo mpe mzazi mmoja au kaka wa mtoto. Hata kama hajui mchezo, mpe jambo moja la kuangalia, kwa mfano glovu kugusa ardhi, na umweleze kabla watoto hawajafika. Dakika zinazobaki wacheze mechi. Usiwanyime hiyo.

Sasa suala la mkono, na hapa sina mzaha. Tangu 2007 Little League huhesabu mipira ya mrushaji kwenye mechi: miaka 7 hadi 8 mwisho ni 50 kwa siku, 9 hadi 10 ni 75, 11 hadi 12 ni 85. Mtoto akifikisha 66 anapumzika siku nne. Sababu ni kwamba mifupa ya kiwiko bado inakua. Weka daftari, hesabu na ya mazoezini pia. Mtoto akisema kiwiko kinauma, harushi tena siku hiyo, hata kama ndiye tegemeo lako.

Na usiseme kwetu haiwezekani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League. Jumamosi hii tafuta wazazi watatu, wape vituo, uanze.