Nyumba Bora Bila Kumaliza Miti

Somo letu la leo ni habari ya kujenga. Kila mmoja wetu anapenda nyumba bora, yenye ukuta imara na paa lisilovuja. Hilo ni jambo jema. Lakini nyumba haitoki hewani. Inatokana na udongo, miti, mawe, maji na moto.

Tuchukue tofali za kuchoma. Tunafyatua, tunaanika, tunapanga tanuri, halafu tunachoma kwa magogo usiku na mchana. Nyumba moja inasimama, na miti mingi imekwisha. Jirani naye anachoma, na mwenzake vilevile. Baada ya miaka michache akina mama wanakwenda mbali kutafuta kuni za kupikia, na mvua inachukua udongo wa mashamba. Nyumba ni bora, lakini mahali pa kuishi pameharibika.

WATAALAMU WALIKUBALIANA NINI?

Shida hii haiko vijijini tu. Wako wataalamu wanaoitwa wasanifu majengo. Kazi yao ni kuchora ramani za majengo na kuangalia kama yanajengwa sawasawa. Kama vile wakulima wana chama cha ushirika, wasanifu nao wana vyama vyao. Chama cha Marekani kilianzishwa mwaka 1857. Uko pia umoja wa vyama vya nchi nyingi, ulioanzishwa mwaka 1948.

Mwezi wa Juni 1993 wasanifu wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Chicago, Marekani. Rais wa umoja wa dunia wakati huo alikuwa Mwafrika, Bwana Olufemi Majekodunmi wa Nigeria. Rais wa chama cha Marekani alikuwa Bibi Susan Maxman. Wote wawili walitia sahihi azimio moja. Kwa maneno yetu, wasanifu waliahidi hivi:

1. Kuweka utunzaji wa mazingira na maisha ya watu katikati ya kazi yao.
2. Kutafuta njia na vifaa bora vya kujengea.
3. Kuwafundisha wenzao, wanafunzi, wateja na watu wote.
4. Kushauri serikali juu ya sheria na kanuni za ujenzi.
5. Kurekebisha majengo ya zamani, siyo mapya tu.

Azimio bila kazi ni karatasi tu. Chama cha Marekani kina kamati ya mazingira tangu mwaka 1990, na mwaka 1997 kilianza kutoa tuzo kwa majengo yanayotunza mazingira. Hapa Afrika Mashariki, chama cha wasanifu cha Kenya kilianzishwa mwaka 1967. Ndani yake wamo pia wahandisi na wapangaji wa miji, maana nyumba si kazi ya mtu mmoja.

SISI INATUHUSU NINI?

Mtu atauliza: "Haya, hiyo Chicago inatuhusu nini sisi wa kijijini?" Inatuhusu sana. Chama kinaweza kuwabana wanachama wake. Hakiwezi kumbana mtu anayejenga na fundi wa kijiji. Hapo mwenye nyumba ndiye msanifu. Basi maswali ya wasanifu lazima yawe maswali yetu: Vifaa vinatoka wapi? Nyumba itakuwa na joto au baridi? Maji yatakwenda wapi?

Tutazame kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Mwana wa kijiji hicho, Francis Kéré, alisomea usanifu Ujerumani. Shule aliyoichora ilimalizika mwaka 2001, na wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga. Kuta zake ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati limeinuliwa juu ya dari, na upepo unapita katikati, kwa hiyo joto la bati haliwashukii watoto. Mwaka 2022 Bwana Kéré alipata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

MAMBO YA KUFANYA

Tofali. Ziko mashine za mkono za kushindilia udongo wenye saruji kidogo. Tofali hizo hazichomwi. Huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa wiki moja au zaidi. Lakini si kila udongo unafaa. Tia udongo na maji katika chupa, tikisa, uache utulie. Mchanga utakaa chini, udongo laini utakaa juu. Udongo laini ukizidi sana, tofali zitapasuka. Mwonyeshe fundi kabla ya kununua saruji.

Jua. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki, na la jioni ukuta wa magharibi. Kuta hizo ziwe fupi. Kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Madirisha yakabiliane ili upepo upite.

Maji. Upenu mrefu hulinda ukuta wa udongo usiliwe na mvua. Na bati ni shamba la maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 huleta lita 1. Tufanye hesabu: paa linalofunika mita 8 kwa mita 5 ni mita mraba 40. Mvua ya milimita 10 italeta lita 400, yaani mapipa mawili ya lita 200. Mengine yatamwagika, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Miti. Anayekata apande, tena apande kabla ya kukata.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Wasanifu waliahidi mambo mangapi mwaka 1993? Yataje.
2. Katika kijiji chenu, kuni za kuchomea tofali zinatoka wapi? Miaka kumi iliyopita zilitoka wapi?
3. Pima paa la nyumba yako. Mvua ya milimita 20 italeta lita ngapi?
4. Je, kikundi chenu kinaweza kununua mashine moja ya tofali kwa pamoja?