Muhogo Ulioachwa Shambani: Somo kwa Familia Zinazofikiria Kurudi Kijijini



Tunapoketi na familia zilizokimbilia Likasi kutoka vijiji vya milimani, kaskazini ya jimbo letu la Haut-Katanga, swali linalorudi kila mara ni hili: "Tutarudi lini?" Wengine huuliza kama barabara inapitika, wengine kama kuna watu wenye silaha bado porini. Maswali hayo ni ya haki. Lakini kazi yetu imetufundisha kwamba kuna swali jingine linalopaswa kutangulia: "Tukifika, tutapatana vipi na wale tutakaowakuta?" Tumeona familia zilizorudi bila jibu la swali hilo, nazo zikashuka tena mjini kabla ya mavuno ya kwanza.

Katika somo hili tutaangalia mambo manne: kwa nini vijiji vya juu viliachwa, maisha ya huko yalivyo, ugomvi unaoletwa na muhogo ulioachwa shambani, na hatua za kufuata kabla ya kufunga mzigo. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika vikundi.

1. Likasi inajua maana ya kuhamishwa

Tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wa kijijini peke yao. Mji wetu, zamani ukiitwa Jadotville, ulijengwa na watu wa asili nyingi waliokuja kwa kazi ya shaba. Mwaka 1992 na 1993 ugomvi wa siasa uligeuzwa kuwa ugomvi wa makabila, na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walilala siku nyingi kwenye gare na katika shule wakingoja treni. Wazee na watoto walikufa kwa njaa na magonjwa, wengine hapa hapa, wengine njiani. Baadhi yao walirudi baadaye, wakakuta watu wengine wanaishi katika nyumba zao.

Tunakumbusha jambo hili kwa sababu moja. Mwenyeji wa leo anaweza kuwa mhamishwa wa kesho, na anayerudi hakuti maisha yakiwa yamesimama kumngoja.

2. Kwa nini vijiji vya juu viliachwa

Ukitoka Likasi kuelekea kaskazini, ardhi inapanda. Upande mmoja kuna uwanda wa juu wa Kundelungu, upande mwingine milima ya Kibara, na katikati bonde la mto Lufira. Huko ndiko iliko teritwari ya Mitwaba. Watu waliita eneo lililo kati ya Mitwaba, Pweto na Manono "pembetatu ya kifo", na jina hilo lilikuwa na sababu.

Katika vita vilivyoanza 1998, vikundi vya Mai-Mai vilipewa silaha ili kupigana upande wa Serikali. Vita vilipokwisha rasmi mwaka 2003, wengi hawakuziweka silaha chini. Mwishoni mwa 2005 jeshi lilianza mashambulizi dhidi yao, na mwanzoni mwa 2006 watu zaidi ya 150,000 walikuwa wameacha vijiji vyao. Wananchi waliteswa na pande zote mbili. Aliyebaki kijijini aliitwa mshiriki wa Mai-Mai, na aliyekimbilia kwa askari aliitwa msaliti. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Amani ilitangazwa zaidi ya mara moja. Mkubwa wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba mwezi Mei 2006, na Machi 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Septemba 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na vita vya Bakata Katanga vikafuata. Mwisho wa 2013, waliohamishwa katika Katanga ya zamani walifikia kama 400,000. Alijisalimisha tena Oktoba 2016, kisha akatoroka tena Machi 2020.

Kwa hiyo kuna familia zilizojenga nyumba mara mbili na kuziacha mara mbili. Baba akisema, "Safari hii sitaki kudanganywa," tusimwone kuwa mtu mgumu. Anatumia akili.

3. Maisha ya kijiji cha juu yalivyo

Watoto wengi waliozaliwa mjini wanakijua kijiji kwa hadithi tu. Wazazi, kwa kukipenda, husimulia mema peke yake. Ni vizuri kusema yote.

Kwenye uwanda wa juu, Juni na Julai usiku ni baridi kali, na blanketi moja haiwatoshi watoto watatu. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo mito hujaa, madaraja ya miti huchukuliwa na maji, na lori linaweza kukwama siku nyingi. Basi bidhaa hufika kwa baiskeli, ambayo sisi huku tunaiita kinga. Kijana mmoja husukuma zaidi ya kilo 100 akipanda mlima: chumvi, sabuni, mafuta, nguo. Ndiyo sababu chumvi huko juu ni ghali kuliko Likasi, na mahindi ya mkulima hununuliwa kwa bei ya chini. Anayelipa safari ya kwenda na ya kurudi ni mkulima yule yule.

Nguvu za maji ya mto Lufira hutoa umeme pale Mwadingusha, lakini umeme huo huenda mijini na migodini, na vijiji vingi vinaendelea kuwasha kibatali. Kituo cha afya kinaweza kuwa umbali wa siku nzima kwa miguu, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa kwenye kinga au kwenye machela. Kuhusu shule, Serikali ilitangaza masomo ya msingi bila malipo kuanzia Septemba 2019. Lakini mahali ambapo walimu hawajaandikwa kwenye orodha ya mishahara, wazazi bado wanatafuta namna ya kuwalisha.

Hata hivyo kijiji kina utajiri ambao mjini hatuna. Ardhi ya kulima ipo, maji ya chemchemi ni safi, na mtu hanunui kila jani la sombe. Kazi kubwa hufanywa pamoja: kufyeka, kuezeka, kuzika. Mtu hawezi kuishi huko peke yake, hata akiwa na pesa. Kwa hiyo kijiji ambacho watu wake hawasemezani ni hatari kuliko kijiji chenye barabara mbaya.

4. Nani alikula muhogo wetu?

Muhogo una tabia ambayo mahindi hayana. Hukaa ardhini muda mrefu. Huko juu kwenye baridi unaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu, hata zaidi, kabla ya kuiva vizuri, na unaweza kungoja. Familia inapokimbia usiku, inabeba watoto, sufuria na nguo, lakini muhogo unabaki. Wasioweza kukimbia, wagonjwa na wazee, na waliokaa porini wakijificha, waliula.

Miaka ikapita, mwenye shamba akarudi. Alikuta mashimo na magugu, akauliza: "Nani alikula muhogo wetu?" Hilo ni swali dogo, lakini ndani yake kuna maswali makubwa: Ninyi mlikuwa upande gani? Kwa nini ninyi mnaishi, na baba yangu amekufa?

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu sisi wenyewe. Msimu mmoja tulipeleka majembe na mbegu za mahindi katika kijiji kimoja, tukawapa waliorudi peke yao, kwa kuwa orodha yetu iliandikwa hivyo. Waliobaki walitazama bila kusema neno. Baada ya wiki chache, usiku mmoja, mahindi machanga yaling'olewa katika mashamba mawili, na vijana wakaanza kutembea na mapanga.

Chifu aliita kikao. Siku ya kwanza watu walitukanana tu. Siku ya pili mama mmoja mzee, aliyekuwa amebaki miaka yote, alisimama akasema: "Ndiyo, tulikula. Muhogo huo ndio uliotuzuia tusife. Tusingaliula, nguruwe wa porini wangaliula." Halafu akaongeza: "Lakini miti yake tuliipanda tena. Njooni muichukue."

Neno hilo lilifungua njia. Kama kila mkulima ajuavyo, muhogo haupandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vipande vya mti wake. Waliobaki walikuwa wameitunza miti ya mihogo ya kijiji kizima. Siku ya tatu walipatana hivi: kila nyumba iliyokula shamba la mwingine itoe mafungu ya miti na siku za kazi za kulisafisha shamba hilo, na waliorudi wagawe majembe waliyopokea. Hakuna aliyelipa franga. Vifo havikusahauliwa, na mambo ya damu yaliachiwa mahakama. Lakini watu waliweza kulima pamoja.

Sisi tulijifunza mambo mawili. Kwanza, msaada unaotazama upande mmoja huongeza moto. Pili, aliyebaki si mwizi kwa sababu tu alibaki, na aliyekimbia si msaliti kwa sababu tu alikimbia. Kila mmoja aliokoa alichoweza.

5. Hatua kabla ya kufunga mzigo

Kwanza, tumeni wajumbe. Watu wachache, wanaume na wanawake, waende wakati wa kiangazi wakaone kwa macho yao. Wasitazame nyumba na barabara tu. Waulize nani analima wapi, nani amekufa, nani amerudi kutoka porini.

Pili, chagueni majira. Anayefika Desemba anafika wakati wa njaa, ghala zikiwa tupu na mvua ikinyesha. Anayefika Juni au Julai ana nyasi kavu za kuezekea na muda wa kutayarisha shamba kabla ya mvua ya kwanza. Bebeni chakula cha kufikisha mavuno ya mahindi, si cha wiki mbili.

Tatu, semeni habari ya mashamba mapema. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, lakini kijijini chifu na wazee ndio wanaojua mipaka. Mapatano ya mpaka yafanyike mbele ya mashahidi wa pande zote, yaandikwe, na nakala ibaki kwa chifu na kwa kila familia. Wajane na yatima watajwe kwa majina, maana mara nyingi shamba lao ndilo linalochukuliwa kwanza.

Nne, msifiche habari ya vijana waliobeba silaha. Wengine walichukuliwa wakiwa watoto. Ulizeni kama wamesalimisha silaha kwa mamlaka, na nani katika ukoo atasimama nao. Aliyetenda makosa makubwa ni wa mahakama. Kikao cha kijiji hakina uwezo wa kumfutia makosa hayo, wala ndugu zake hawapaswi kuadhibiwa kwa ajili yake.

Tano, jueni haki yenu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu wahamishwa wa ndani, na Mapatano ya Kampala ya Umoja wa Afrika ya Oktoba 2009, zinasema kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Hakuna kiongozi mwenye haki ya kuwapandisha watu kwenye lori kwa nguvu. Na familia inayoamua kubaki Likasi haijaitupa asili yake. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuna njia ya kuwa mwenyeji kwa kazi na ujirani mwema.

Viongozi, ninyi mna kazi ya pekee. Orodha ya msaada ikiletwa kwenu, ulizeni: "Na waliobaki?" Swali hilo moja linaweza kuzuia mapanga.

6. Maswali ya kujadiliana

a) Tulipokimbia, tuliacha nini nyuma? Tunadhani nani alikitumia, na kwa nini?

b) Katika kijiji chetu, nani alibaki? Tumewahi kuwauliza waliishi namna gani?

c) Watoto wetu waliozaliwa mjini wanataka nini? Tumewapa nafasi ya kusema?

d) Kama tungetuma wajumbe kiangazi kijacho, tungewachagua nani, wanaume kwa wanawake?

e) Ni neno gani ambalo tukilisema kwanza tutakapofika, litafungua njia ya mapatano?

Tunashauri swali la mwisho lijibiwe na kila familia nyumbani, jioni, kabla ya kikao kijacho. Andikeni jibu lenu, mje nalo. Yule mama mzee hakuwa na cheo wala karatasi. Alikuwa na neno la kweli na miti ya mihogo mkononi, na kijiji kikapanda.