Taa ya Projekta ya Kutengeneza Mwenyewe: Pima Kwanza, Ndipo Utangaze

Somo la leo ni kwa wale mnaounda projekta wenyewe na kuziuza mtandaoni: kioo cha LCD cha tableti au laptopu mbovu, lenzi, boksi la mbao, na taa nyuma yake. Boksi likiwa na mikwaruzo mteja anasamehe. Picha ikiwa hafifu hasamehi, na picha hafifu chanzo chake mara nyingi ni taa.

Mimi nimejifunza kwa hasara. Mteja mmoja hapa Chamwino ana kibanda umiza. Nilimuundia projekta yenye chipu ya LED ya wati 100, na kwenye tangazo niliandika "lumeni 9,000" kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye pakiti ya chipu. Siku ya mechi akanipigia: "Kaka, mbona wachezaji wanaonekana kama wako kwenye ukungu?" Wiki mbili baadaye likatokea doa jeusi katikati ya kioo. Nikamrudishia pesa yake yote, nikabaki na boksi langu. Nilianza kwa kuilaumu chipu, kumbe mimi ndiye sikujua hesabu ya mwanga.

HESABU YENYEWE

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Ila mteja haangalii taa, anaangalia ukuta. Njiani mwanga unapotea hivi (makadirio):

• Chipu ya wati 100 ya bei nafuu: lumeni 8,000 hivi.
• LED humwaga mwanga kwa upana. Lenzi ya kukusanya inashika kama nusu: 4,000.
• Kioo cha LCD cha rangi kinapitisha takriban 5 katika kila 100. Karatasi za polaraiza zinakata zaidi ya nusu, halafu vichujio vya nyekundu, kijani na bluu vinakata sehemu kubwa ya kilichobaki: 200.
• Lenzi ya mbele nayo inachukua chake: 150 hivi.

Umeanza na 8,000, ukutani zimefika 150. Hapo hakuna aliyekuibia, kioo ndivyo kilivyo. Wizi unaanza pale unapoandika 9,000 kwenye tangazo.

Je, 150 zinatosha? Majumba ya sinema hulenga kama lumeni 150 kwa kila mita moja ya mraba ya pazia jeupe. Kwa hiyo lumeni zako 150 zinatosha picha ya upana wa mita 1.3, tena gizani. Ukitanua upana mara mbili, eneo linakuwa mara 4 na mwanga unabaki robo. Mteja wangu alikuwa na pazia la mita 2.6, mechi ya saa 10 jioni, mlango wazi. Projekta ile haikuwa na namna ya kumfaa.

TAA ZIPI ZIPO, NA IPI UCHUKUE

1. Halojeni (kama za gari). Rahisi kupata, lakini umeme mwingi unageuka joto. Mwanga wa LED ya wati 50 utautafuta kwa halojeni ya wati 250 hivi. Rangi yake ni ya njano na kioo chako kitaungua. Achana nayo.

2. Metali halaidi (zile za viwanjani na kwenye maghala). Zina mwanga mkali, na waundaji wengi wa zamani walizitumia. Ila zinahitaji balasti, zinawashwa kwa volti kubwa sana za hatari, na zinatoa miale inayoumiza macho na ngozi. Tena umeme ukikatika hata sekunde 1, taa inazima na inataka ipoe dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena. Ikirudi, penalti imeshapigwa. Usimuuzie mtu wa nyumbani.

3. Balbu ya LED ya nyumbani, tyubu, au utepe wa LED. Zinavutia kwa bei. Shida ni kwamba mwanga wake unatoka eneo pana, na lenzi haiwezi kuukusanya wote upite kwenye tundu dogo la mbele. Ukipanga balbu 5 unaongeza joto kuliko picha. Taa ya projekta itoe mwanga mwingi kutoka eneo dogo.

4. Chipu moja ya LED, ile yenye mraba wa njano. Mwanga unatoka eneo dogo, inawaka papo hapo, umeme wake unalipika. Kwa projekta ndogo ya nyumbani, chukua hii.

UKICHUKUA CHIPU, ZINGATIA HAYA

Rangi. Nunua nyeupe ya kelvini 6,000 hadi 6,500. Ya 3,000 italeta ngozi za watu na nyasi za uwanja zikiwa na unjano.

Draiva. Chipu ya wati 100 hutumia volti 32 hivi na ampea 3. Usiiunganishe kwenye chaja yoyote uliyonayo. Inataka draiva inayodhibiti ampea. Mimi sasa naweka draiva ya ampea 2.1, chipu inafanya kazi kwa wati 70 hivi. Mwanga unapungua kidogo, joto linapungua sana, na simu za lawama zimepungua.

Joto. Usiwashe chipu bila hitisinki, hata kwa kujaribu. Inaweza kufa ndani ya sekunde chache. Paka pesti ya joto, kaza skrubu, weka feni. Hitisinki ya kompyuta ya mezani iliyochakaa inafaa. Kioo cha LCD nacho kinataka feni yake. Lile doa jeusi la mteja wangu lilikuwa joto: kioo kilichemka katikati. Washa projekta saa 1 nzima, chomoa umeme, kisha gusa mapezi ya hitisinki. Ukishindwa kushika sekunde 5, usiuze bado.

Vumbi. Kiangazi cha huku kwetu, upepo na vumbi mnavijua. Weka sifongo jembamba kwenye tundu la kuingiza hewa na umuelekeze mteja kulisafisha kila wiki. Vumbi likiziba mapezi, joto linapanda kimyakimya.

UMEME WA MTEJA

Mteja atakuuliza, kwa hiyo uwe na jibu. LED ya wati 70, hasara ya draiva, feni na ubao wa kioo: jumla kama wati 100. Saa 10 za kuwasha ni uniti 1 ya LUKU. Kwa mwenye sola: betri ya volti 12, ampea-saa 100, ukitumia nusu tu ili isiharibike, una wati-saa 600, yaani saa 6. King'amuzi na spika vihesabu pembeni.

JINSI YA KUPIMA

Pakua programu ya kupima mwanga kwenye simu ya Android. Usiku, onyesha picha nyeupe tupu ukutani. Gawa picha katika visanduku 9, weka simu katikati ya kila kisanduku, sensa ikitazama projekta, andika namba ya lux. Tafuta wastani, zidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Mfano: wastani 150, picha ya mita 1.2 kwa mita 0.67 ni eneo la 0.8. Jibu: lumeni 120. Njia hii ya visanduku 9 ndiyo msingi wa zile "lumeni za ANSI" unazoziona kwenye projekta za kiwandani. Simu si kifaa cha maabara, lakini inatosha kulinganisha taa 2 na kukuzuia kudanganya bila kujua.

TANGAZO LIANDIKE HIVI

"Projekta ya kutengenezwa kwa mkono. Lumeni 120, nimepima mwenyewe kwa simu. Picha nzuri gizani hadi inchi 54. Haifai mchana wala ukumbi mkubwa. Inatumia wati 100. Video ya majaribio ipo, haijahaririwa."

Utaogopa kwamba jirani anayeandika 9,000 atakuchukulia wateja. Baadhi atawachukua, kweli. Lakini kurudishiwa mzigo mmoja kunakula faida ya kadhaa uliouza, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Siku hizi mwenye kibanda akinitafuta namwambia wazi: "Kaka, ya kwangu haitakufaa, nunua TV kubwa." Nakosa mauzo ya siku hiyo. Ila wapo walionirudia baadaye kutaka ya kuangalia sinema na watoto nyumbani usiku, na hao hatujawahi kugombana.

Kazi kwako: leo usiku pima ile uliyonayo dukani, halafu karekebishe tangazo lako.